Labirinto della Masone: Mwongozo Kamili wa Kutembelea Mzingile wa Mianzi na Makumbusho Yake ya Sanaa, Italia

Ukitoka Parma kuelekea kaskazini-magharibi, nchi yote ni tambarare: mashamba ya ngano na mahindi, malisho ya ng'ombe wa maziwa, nyumba za matofali mekundu zilizotawanyika. Ukikaribia mji mdogo wa Fontanellato unakutana na kitu ambacho hukutegemea kukiona katika bonde la mto Po, msitu wa mianzi. Hapo ndipo ilipo Labirinto della Masone, mzingile wa hekta 7 hivi uliofunguliwa mwaka 2015, na wenyewe huutangaza kuwa mzingile mkubwa wa mianzi kuliko yote duniani. Njia zake ukizijumlisha zinapita kilomita 3. Mianzi yenyewe ni zaidi ya 200,000, ya aina 20 hivi. Mingine haifiki goti, mingine imepanda hadi mita 15. Tiketi hiyohiyo inakuingiza pia kwenye makumbusho yenye kazi za sanaa zipatazo 500.

Wageni wengi hufika wakiwa na mzingile tu kichwani. Makumbusho wanayapita mbiombio, wanapotea kidogo kwenye mianzi, wanapiga picha mbili tatu, wanaondoka. Hiyo ni kulipa kamili na kula nusu. Mzingile na makumbusho ni kazi ya mtu mmoja mwenye jicho moja, na ukishamwelewa huyo mtu, kila kona ya pale inaanza kusema.

Mjue mwenye nyumba kwanza

Franco Maria Ricci alizaliwa Parma mwaka 1937 na akafariki Fontanellato mwaka 2020. Alikuwa mchapishaji, tena mchapishaji wa kupindukia: vitabu vyake vilivalishwa hariri nyeusi, maandishi ya dhahabu juu, karatasi nzito ndani. Mwaka 1982 alianzisha jarida la sanaa la FMR, lililojulikana kwa kurasa zake nyeusi zenye picha za kazi ambazo wahariri wengine wasingezitazama mara mbili. Ladha yake hakuikopa kwa mtu. Alipenda kitu, akakinunua, akakiandikia kitabu.

Mmoja wa waandishi waliofanya naye kazi alikuwa Jorge Luis Borges wa Argentina, mtu aliyeandika sana kuhusu mizingile na ambaye kufikia wakati huo alikuwa amekwisha kupofuka. Borges alikaa mara kadhaa nyumbani kwa Ricci huko Fontanellato. Ricci mwenyewe alisimulia kwamba kutembea na mzee yule, akimwona anavyosita kila njia inapogawanyika, ndiko kulikomtia wazo. Mwaka 1977 alimwahidi kwamba atajenga mzingile mkubwa kuliko yote. Borges akamjibu kwamba mkubwa kuliko yote upo tayari, ndio jangwa. Ricci hakukata tamaa, ila ilipita karibu miaka 40 kati ya ahadi na siku mlango ulipofunguliwa, na Borges hakuishi kuuona.

Kwa nini mianzi? Kwa sababu ya umri. Mizingile ya kale ya Ulaya hupandwa vichaka vya kukatwakatwa, ambavyo huchukua miaka mingi sana kufika kimo cha kumficha mtu. Ricci alikuwa mzee tayari. Mianzi hukua haraka, hubaki kijani mwaka mzima, na haisumbuliwi sana na magonjwa. Msomaji wa Iringa au Njombe atasema mianzi anaifahamu tangu utotoni, na ulanzi pia. Lakini angalia tofauti: mianzi ya ulanzi huota kwa mashina, fungu hapa fungu pale. Ile ya Masone mingi ni ya jamii ya Uchina na Japani, ambayo mizizi yake hutambaa chini ya ardhi na kuchipua mbali na mama. Ndiyo maana inaweza kuunda ukuta usio na mapengo, na ndiyo maana wanaoitunza hawana likizo, kwani bila kuzuiwa ingekula njia zote.

Chagua msimu kabla ya kuchagua tarehe

Kwa maoni yangu wakati bora ni kati ya mwishoni mwa Aprili na mwanzoni mwa Juni. Hapo ndipo machipukizi mapya yanapotoka ardhini, manene, yamefunikwa maganda ya kahawia. Mwanzi hutoka ukiwa na unene wake wote. Hauneneki tena baadaye, unapanda tu, na katika wiki chache umefika kimo chake. Ukiinama kando ya njia mwezi wa Mei utaona chipukizi la urefu wa mkono limesimama pembeni ya ndugu yake wa mita kumi, na yote mawili yana unene ule ule. Usiyaguse sana maganda hayo, maana aina nyingine zina vinyweleo vinavyowasha.

Julai na Agosti bonde la Po lina joto la unyevunyevu ambalo mtu wa Dar au Mombasa atalitambua mara moja, isipokuwa upepo wa bahari haupo. Digrii hupita 30, na mbu ni wengi. Kivuli cha mianzi kinasaidia, lakini mbu nao wanakipenda. Paka dawa kabla ya kuingia.

Septemba na Oktoba ni pazuri pia. Novemba hadi Januari ni miezi ya ukungu, na ukungu wa bonde hilo si wa kutania. Kuna siku huoni gari lililo mbele yako. Wapo wanaoutafuta makusudi kwa ajili ya picha. Kama hii ndiyo safari yako ya kwanza na umetoka mbali, usijaribu bahati.

Siku ya kuepuka ni Jumanne, ambayo kwa kawaida hufunga. Saa za kawaida ni saa 4:30 asubuhi hadi saa 1:00 jioni, na wa mwisho kuingia mzingileni ni saa 11:30 jioni. Kwenye tiketi na tovuti utaona zimeandikwa 10:30, 19:00 na 17:30, na wengi wetu kichwa hubadili saa vibaya tukiwa na haraka, kwa hiyo weka kikumbusho kwenye simu. Majira ya baridi ratiba hubadilika, basi thibitisha wiki unayokwenda.

Viza na nauli, kwa kifupi

Ukiwa na makazi halali katika nchi ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja), unahitaji kibali chako cha makazi pamoja na pasipoti halali tu. Mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen hata kama anaishi Uingereza au Oman, na maombi hufanyika katika nchi anayoishi. Yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasiwe chini ya siku 15 kabla. Usisubiri hizo siku 15. Ada ni euro 90 kwa mtu mzima, na bima ya safari lazima ifidie angalau euro 30,000. Kama utapita Ufaransa na Ujerumani pia, omba kwa nchi utakayokaa siku nyingi zaidi.

Viwanja vya ndege vinavyofaa ni Bologna na vile vya Milan. Kutoka Afrika Mashariki njia rahisi ni kupitia Addis Ababa hadi Milan Malpensa, au kupitia Doha, Dubai ama Istanbul. Kwa mtu wa Malindi, Watamu au Zanzibar, ambako Waitaliano wamekuwa wageni na majirani kwa miaka mingi, Kiitaliano cha sokoni ulichonacho kitakufaa kuliko unavyodhani: watu wa Fontanellato si wote wanaojua Kiingereza, na ukianza na *buongiorno* mambo hulainika.

Kufika Fontanellato

Hapa ndipo safari za wengi huharibikia, kwa sababu mji hauna kituo cha treni. Una njia tatu.

Ya kwanza ni treni hadi Parma au Fidenza, kisha teksi. Miji yote miwili iko kwenye reli ya Milan–Bologna. Fidenza iko karibu zaidi, kama kilomita 10 na ushei kutoka mzingileni. Parma ni kama 20. Treni za mikoa husimama kote kuwili na ni za bei nafuu. Tiketi ya karatasi ya treni hizo lazima uigonge kwenye kimashine kilichoko kituoni kabla ya kupanda, la sivyo mkaguzi atakuhesabu kama hujalipa. Ukinunua kwa simu, bonyeza kitufe cha kuthibitisha safari kabla treni haijaondoka. Teksi Italia hazisimamishwi barabarani kwa kupunga mkono kama bodaboda. Zinangoja kwenye kituo chao au zinaitwa kwa simu. Kubaliana na dereva hapo hapo saa ya kukurudia, na uchukue namba yake. Saa 12 jioni katikati ya mashamba si mahali pa kuanza kutafuta usafiri.

Ya pili ni basi. Mabasi yapo, lakini ni machache, na Jumapili na sikukuu hupungua zaidi. Kwa mtu mmoja mwenye muda yanafaa. Kwa familia yenye watoto, gawaneni nauli ya teksi.

Ya tatu, na ndiyo ninayoipendekeza kwa kundi la watatu au wanne, ni kukodi gari. Leseni yako ya nyumbani ifuatane na kibali cha kimataifa cha kuendesha. Kibali peke yake bila leseni hakitoshi. Barabara kuu ni A1, na unatokea Fidenza au Parma Ovest. Ukiingia A1 chukua tikiti kwenye mashine, na ukitoka lipa. Kaa mbali na mlango wenye maandishi ya manjano ya Telepass pekee, huo ni wa wenye kifaa maalumu garini. Na ukilala Parma, usiingize gari katikati ya mji bila kuuliza hoteli: maeneo yenye alama ya ZTL, yasiyoruhusu magari bila kibali, yana kamera, na faini hukufuata hadi kwenye kadi uliyokodia gari, wakati mwingine ukiwa umeshasahau kwamba ulikwenda Italia.

Mlangoni

Tiketi ni bora uinunue mtandaoni mapema, hasa Jumapili na siku za sikukuu. Bajeti ya euro 20 hivi kwa mtu mzima inatosha, watoto na wanafunzi hulipa pungufu. Ukifika kaunta fanya mambo matatu. Uliza kama unaweza kutoka mzingileni na kurudi baadaye siku hiyo hiyo. Uliza maonyesho ya muda yaliyopo, kwa sababu huwepo na mara nyingi ni mazuri. Kisha hifadhi namba ya simu ya mapokezi kwenye simu yako, na hakikisha laini yako inashika mtandao wa huko. Utacheka sasa, jua likianza kushuka na mtoto anataka choo hutacheka.

Chooni nendeni kabla ya kuingia. Ukishaingia mzingileni si rahisi kutoka haraka.

Halafu unaamua kipi kianze. Kama ni kiangazi, ingia mzingileni mara tu pakifunguliwa, hewa ikiwa bado nyepesi, na uyaachie makumbusho saa za mchana kwenye kuta nene zenye ubaridi. Kama ni vuli au siku ya ukungu, geuza: anza na makumbusho ukingoja anga lifunguke. Kwa vyovyote tenga saa 4 kwa jumla. Chini ya hapo utakuwa unakimbizana.

Ndani ya mianzi

Ukiuangalia kwa picha ya satelaiti kabla ya safari, utaona nyota yenye ncha nane. Ricci aliichukua kutoka kwenye ngome na miji ya mfano iliyochorwa na wasanifu wa Italia wa karne za 15 na 16. Mpango wa ndani umetoka mbali zaidi, kwenye mizingile ya mosaiki ya Warumi, ambayo hugawanywa katika robo nne zinazopitika moja baada ya nyingine. Ila mzingile wa Kirumi una njia moja tu. Unaifuata tu mpaka ufike. Ricci aliongeza njia panda na njia zisizotokea popote. Kwa hiyo hapa kupotea ni kwa kweli.

Mistari yake mingi imenyooka na kona zake ni za mraba. Hii inachanganya kuliko njia za kupinda, kwa sababu kila ushoroba unafanana na uliopita. Juu, mianzi mirefu huinamiana na kukutana, mwanga unashuka kijani, na upepo ukipita vigogo vinagongana kwa sauti kavu. Watu wawili waliotenganishwa na ukuta mmoja husikiana vizuri kabisa lakini wanaweza kuhitaji robo saa kukutana. Waambie watoto hivyo mapema, wasije wakajaribu kupenya.

Sasa mbinu.

Inayojulikana na wengi ni ya kushika ukuta. Unaweka mkono wa kulia ukutani tangu mlangoni, na huutoi kamwe. Ukuta ukiingia njia iliyofungwa nawe unaingia, unazunguka, unatoka. Ni mbinu ya kweli, lakini ina sharti lisilotajwa sana: inakufikisha katikati ikiwa tu kuta za katikati zimeungana na ukuta wa nje. Kama kuna kuta zilizosimama peke yake ndani, utazizunguka bila kuzigusa na kujikuta umerudi ulikoanzia. Faida yake kubwa basi si kufika bali kutoka. Ukianza mlangoni na usipotoa mkono, utarudi mlangoni, hata ichukue muda gani. Lakini ukianza kushika ukuta ukiwa umeshapotea katikati, unaweza kuwa umeshika kisiwa, na utakizunguka mpaka jioni.

Ya pili ilibuniwa na Mfaransa Trémaux katika karne ya 19, na inafanya kazi katika mzingile wowote. Kila njia unayopita unaiwekea alama. Ukifika njia panda mpya, chagua njia yoyote. Ukifika njia panda uliyokwisha kuipita, kwa njia ambayo ni mpya, geuka urudi ulikotoka. Ukirudi kwenye njia panda kwa njia ya zamani, chukua njia isiyo na alama. Kama hakuna, chukua yenye alama moja. Njia yenye alama mbili usiipite tena. Tatizo ni alama yenyewe, kwa sababu huruhusiwi kuacha takataka, na kuchora mwanzi kwa kisu ni uharibifu: kovu la mwanzi haliponi, linabaki na jina lako la aibu mpaka shina life. Tumia simu. Kila njia panda geuka nyuma upige picha ya ulikotoka, kwa sababu hiyo ndiyo sura utakayoiona ukirudi, na sura ya mbele haitakusaidia. Mpe kazi hiyo mmoja wenu tu, tena ikiwezekana yule asiyependa kuongoza.

Ramani ya simu usiitegemee. Chini ya majani mengi mahali pako kwenye skrini huyumba mita kadhaa, na mita hizo zinatosha kukuonyesha upo ushoroba wa pili.

Jua ni msaidizi mzuri zaidi, lakini lina mtego kwa sisi tuliokulia karibu na ikweta. Nyumbani jua la mchana huwa utosini, miezi mingine limeegemea kaskazini, mingine kusini. Fontanellato iko karibu digrii 45 kaskazini ya ikweta, na huko jua la mchana liko kusini siku zote za mwaka. Majira ya kiangazi linafika kusini kamili mnamo saa 7 na robo mchana kwa saa za huko, si saa 6. Kabla ya kuingia angalia mlango uko upande gani wa nyota, na hutakosa kabisa mwelekeo hata kama njia umeikosa.

Baada ya hayo yote, nakushauri mbinu zote uziache mfukoni kwa nusu saa ya kwanza. Potea. Ndiyo kazi ya mahali hapo. Mbinu zianze pale ambapo furaha imeanza kugeuka uchovu, na kwa watoto wadogo hilo huja mapema.

Katikati ya mzingile kuna uwanja mpana uliozungukwa na nguzo na matao ya matofali, na kanisa dogo lenye umbo la piramidi. Piramidi ile huwashangaza watu, lakini Wakristo wa zama za kati waliuchora mzingile kwenye sakafu za makanisa kama safari ya imani, na Ricci alitaka ukumbusho huo uwepo. Majengo yote yalisanifiwa na Pier Carlo Bontempi, na mpango wa bustani Ricci aliupanga pamoja na Davide Dutto. Kaa kivulini hapo. Angalia matofali yalivyopangwa bila lipu wala rangi. Ni majengo ya mwaka 2015 yanayojifanya ya mwaka 1790, yakifuata ndoto za wasanifu wa wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa kama Boullée na Ledoux, ambao mengi waliyoyachora hayakujengwa. Wengine huona ni maigizo. Mimi naona ni maigizo mazuri.

Makumbusho: tembea kwa kuchagua

Usijaribu kuzitazama kazi zote 500 kwa uzito sawa. Hii si makumbusho ya serikali inayotaka kukufundisha historia kwa mpangilio. Ni nyumba ya mtu, na mambo yamewekwa jirani kwa mapenzi. Ndiyo maana utakutana na gari aina ya Jaguar E-Type, la Ricci mwenyewe, karibu na sanaa ya karne za nyuma. Kuna michoro na sanamu kuanzia karne ya 16 hadi ya 20, kuna mfano wa mbao wa kanisa kuu la Milan, na kuna sehemu nzima ya mafuvu na picha za kukumbusha kifo, zikiwamo za Jacopo Ligozzi. Ukiwa na mtoto mwoga, shika mkono wake hapo.

Kama muda ni mfupi, simama mahali panne.

Simama kwa Antonio Ligabue. Alizaliwa Zürich mwaka 1899, akafukuzwa Uswisi, akaishi maisha ya shida kwenye kingo za Po huko Gualtieri, mara akilazwa hospitali ya wagonjwa wa akili, mara akibadilisha picha kwa sahani ya chakula. Hakufundishwa na mtu. Alichora chui na simba ambao hakuwahi kuwaona porini, wakiwa na midomo wazi, meno yote nje, katika misitu aliyoitunga kichwani. Mtu aliyewahi kumwona chui wa kweli atajua mara moja kwamba hivi sivyo anavyosimama. Tazama tena. Hofu na hasira zilizomo zile ni za kweli, ila ni za mchoraji. Ricci alikuwa miongoni mwa waliomchapishia vitabu wakati wasomi wa sanaa wakimwona kichaa wa kijijini.

Simama kwa Adolfo Wildt wa Milan (1868–1931), aliyesugua marumaru mpaka ikawa nyororo kupita ngozi, kisha akaitumia kuchonga nyuso zenye maumivu. Zunguka sanamu zake pole pole. Upande wa nyuma na matundu ya macho yana kazi kubwa kama uso.

Kwa Erté, mchoraji wa mitindo, pita haraka au kaa, kutegemea unavyopenda mitindo. Ni michoro ya mavazi na wanawake wembamba, safi kabisa, yenye upuuzi wake wa kufurahisha.

Na simama kwa muda mrefu kwa Bodoni, hata kama mwenzako anakuvuta. Giambattista Bodoni alizaliwa Saluzzo mwaka 1740, akaja Parma mwaka 1768 kuongoza kiwanda cha uchapaji cha mtawala wa mji, na akabaki hapo hadi kufa mwaka 1813. Kitabu chake kikuu cha aina za herufi kilitolewa na mjane wake mwaka 1818. Ricci alikusanya vitabu vyake maisha yote, na mwanzoni kabisa mwa kazi yake, katika miaka ya 1960, alichapisha upya kitabu hicho. Herufi za Bodoni huenda unazo kwenye kompyuta yako bila kujua.

Sogea karibu na kioo mpaka uone ukurasa mmoja vizuri. Mistari ya wima ni mizito na myeusi tititi. Mistari ya mlalo ni myembamba mno, unajiuliza herufi ya madini ya risasi iliwezaje kushika kitu chembamba hivyo bila kuvunjika wakati wa kugandamiza. Pembezoni mwa maandishi pameachwa karatasi tupu, pana kuliko maandishi yenyewe. Hakuna ua, hakuna fremu, hakuna pambo. Ukishalitazama hilo, kumbuka shoroba ulizopita, au subiri utakapozipita: ukuta mnene, njia nyeupe nyembamba, kona ya mraba, nafasi. Mtu aliyetumia maisha akitazama kurasa hizi alipopewa shamba alipanda ukurasa.

Chakula, na tahadhari kwa Waislamu

Ndani kuna mkahawa na mgahawa, na duka la vyakula vya mkoa. Hii ni nchi ya jibini ya Parmigiano Reggiano na ya nyama ya nguruwe: mapaja ya Parma, culatello ya ukungu wa mto, na ndugu zao wengi. Asiyekula nguruwe ajue mambo haya. Tortelli d'erbetta ni tambi zilizojazwa mboga za majani na jibini laini, hazina nyama, na ni tamu kweli. Anolini huja ndani ya mchuzi wa nyama, na wakati mwingine hujazwa nyama pia, uliza. Torta fritta inafanana sana na mandazi, nayo ndiyo itakayokuponza, kwa sababu kwa desturi hukaangwa kwa mafuta ya nguruwe. Parmigiano huganda kwa kimeng'enya cha tumbo la ndama, kwa hiyo anayeshika sana jambo la uchinjaji afanye uamuzi wake. Neno la kujua ni *maiale*, yaani nguruwe, na *strutto*, mafuta yake. Wahudumu wamezoea kuulizwa na hawakasiriki.

Ukinunua jibini ya kwenda nayo nyumbani, chukua iliyofungwa bila hewa na iliyokaa miezi 24 au zaidi. Ni kavu, haitaharibika njiani.

Usiondoke bila kuona ngome

Kilomita chache tu kutoka mzingileni, katikati ya Fontanellato, imesimama Rocca Sanvitale, ngome ya matofali iliyozungukwa na handaki lenye maji mpaka leo. Ndani kuna chumba kidogo ambacho mchoraji Parmigianino alikichora mwaka 1524 akiwa na miaka 21 hivi. Ni kisa cha Diana na Actaeon: mwindaji aliyemkuta mungu wa kike akioga, akageuzwa kulungu, mbwa wake mwenyewe wakamrarua. Chumba chenyewe hakina dirisha la maana na watu huingizwa kwa makundi na mwongozaji, kwa hiyo ulizia zamu ya mwisho ni saa ngapi kabla ya kuingia mzingileni, si baada. Zamu za mchana hukatizwa na mapumziko ya chakula cha mchana, na jioni huisha mapema kuliko mzingile.

Mpangilio unaofaa kwa aliyelala Parma ni huu: mzingile saa 4:30 asubuhi, makumbusho kuanzia saa 6:30 mchana, chakula saa 8, ngome saa 9:30 alasiri, na teksi ikurudie uwanjani mbele ya ngome badala ya mzingileni. Hapo kuna mikahawa ya kusubiria, na dereva akichelewa hutakuwa umesimama peke yako kando ya shamba la mahindi.